Ufunguo wa Macintosh

Msomaji, ukisimama kando ya barabara ya Nairobi hutakawia kuona matatu iliyopakwa rangi saba, yenye sura za watu mashuhuri ubavuni na taa za buluu ndani. Gari lile halikutoka kiwandani vile. Lilitoka likiwa jeupe na tupu kama yai, na mwenyewe ndiye aliyelivika mapambo. Hakuna amwulizaye ruhusa aliipata kwa nani, kwa maana gari ni lake. Lakini mtu huyo huyo akikaa mbele ya kompyuta aliyoinunua kwa fedha zake, hukuta neno asilolielewa katika kioo, akalivumilia. Hukuta picha isiyo na maana kwake, akaizoea. Hajui kama neno lile na picha ile vyaweza kubadilishwa, na hata akijua, hana zana ya kuvibadilishia. Insha hii yaeleza habari za wakati mmoja, katika nchi ya Marekani, ambapo zana ya namna hiyo ilikuwako, ikatolewa na mtengenezaji wa kompyuta mwenyewe, ikapita mikononi mwa watu wengi, kisha ikatoweka. Jina lake lilikuwa ResEdit.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Kompyuta ikiwashwa haiwezi kufanya lolote mpaka ipate programu ya kuiongoza: ya kuijulisha ni kibonye kipi kilichobonyezwa, faili ziko mahali gani katika diski, na nini kichorwe katika kioo. Programu hiyo huitwa mfumo endeshi. Programu nyingine zote, za kuandikia barua, za kupigia hesabu, za kuchorea, hukaa juu ya mfumo endeshi kama wapangaji wakaavyo katika nyumba ya kupanga. Mpangaji aweza kuweka viti vyake apendavyo, ila kubomoa ukuta hana idhini.

Tarehe 24 Januari 1984 kampuni ya Apple, ya mji wa Cupertino katika jimbo la California, ilitangaza kompyuta iliyoitwa Macintosh. Ilikuwa kisanduku kidogo chenye kioo cha inchi 9, kionyeshacho nyeusi na nyeupe tu, na bei yake ilikuwa dola 2,495. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 128. Picha moja uipigayo leo kwa simu yaweza kuijaza mara nyingi. Kompyuta nyingi za siku zile zilitaka mtu aandike amri kwa herufi, na akikosea herufi moja zilimkatalia. Macintosh ilikuwa na kipanya, na madirisha, na orodha za amri zilizoshuka kutoka juu ya kioo, na picha ndogo za karatasi, folda na pipa la taka.

Steve Jobs, aliyewaongoza watengenezaji wake, hakutaka mnunuzi aifungue mashine hiyo. Alikataza isiwekewe nafasi za kuongezea vipande vya ziada, na kisanduku chenyewe kikafungwa kwa skrubu zenye tundu la nyota, mbili kati yake zikiwa zimezama ndani sana penye shimo la kushikia, hata bisibisi ya kawaida haikufika, na kama ingefika isingeingia. Mtu aliyeitazama kwa nje angesema hapa hapana njia. Njia ilikuwako, ila haikuwa katika plastiki na skrubu. Ilikuwa katika namna programu zake zilivyopangwa.

Miongoni mwa vijana walioandika programu hizo alikuwamo Bruce Horn. Huyu alianza kazi ya kompyuta akali mwanafunzi wa shule, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, ambako Alan Kay na wenziwe walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Smalltalk. Katika Smalltalk karibu kila kitu kilichoonekana katika kioo kiliweza kufunguliwa, kikatazamwa ndani, kikabadilishwa papo hapo bila ya kuisimamisha mashine. Hata watoto walipewa waijaribu. Horn alitoka huko amekwisha kuizoea fikira hiyo, na aliyekwisha kuzoea kufungua milango hapendezwi na nyumba isiyo na milango.

Desturi ya programu nyingi za siku zile ilikuwa nyingine. Maneno yote ambayo programu ilitakiwa kumwambia mtu yaliandikwa ndani kwa ndani. Ikiwa programu ilitaka kumwuliza mtu kama aihifadhi barua yake, swali lile lilikaa katikati ya maagizo ya mashine kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka katika mchuzi. Kuitoa chumvi na kutia nyingine hakukuwezekana ila kwa kuupika mchuzi upya. Yaani kuyarudia maagizo ya asili, ambayo mwandishi wa programu alikuwa nayo peke yake, kuyarekebisha, na kuyageuza tena yawe lugha ya mashine. Mfaransa aliyetaka kulisoma swali hilo kwa Kifaransa ilimbidi amngoje Mmarekani.

Horn aliandika sehemu ya mfumo endeshi iliyoitwa Resource Manager, yaani msimamizi wa rasilimali. Kwa mpango huo kila faili ya Macintosh iliweza kuwa na matawi mawili. Tawi la kwanza lilichukua data, kama vile maneno ya barua uliyoiandika. Tawi la pili lilichukua rasilimali. Kila sentensi, kila orodha ya amri, kila picha, kila umbo la kishale cha kipanya, kila namna ya herufi, vyote viliwekwa mbali na maagizo, kila kimoja katika kifurushi chake chenye namba, na chenye alama ya herufi nne ya kuonyesha aina yake. Orodha ya amri ilitiwa alama ya MENU, picha ICON, kishale CURS, herufi FONT. Maagizo yenyewe nayo yalifungwa katika vifurushi vya aina ya CODE. Programu ilipotaka kumwuliza mtu swali haikuwa na swali kichwani mwake. Ilimwambia msimamizi: niletee sentensi ya namba fulani. Msimamizi akaleta, bila ya kujali sentensi ile imeandikwa kwa lugha gani.

Sababu moja ya mpango huu ilikuwa umaskini. Kumbukumbu ya kilobaiti 128 haikutosha kubeba kila kitu kwa wakati mmoja, basi ilifaa vitu vikae katika diski, viletwe vinapohitajiwa, na viondolewe nafasi inapobana. Sababu nyingine ilikuwa lugha. Apple ilitaka kuiuza Macintosh katika nchi nyingi, na kwa mpango wa rasilimali mfasiri aliweza kuketi na orodha ya sentensi, akazifasiri zote, bila ya kugusa agizo hata moja la mashine na bila ya kujua maagizo ni nini. Usidhani jambo hili liliwahusu Wafaransa na Wajerumani tu. Pipa la taka la Macintosh huko Marekani liliandikwa Trash. Waingereza, ambao lugha ni yao tangu asili, hawakuliridhia neno hilo, na mashine zao zikaandikwa Wastebasket, yaani kikapu cha taka. Ikiwa ndugu wawili wa lugha moja hawakupatana juu ya pipa la taka, je, sisi?

Kulikuwa na jambo la tatu katika mpango huo, nalo nakuomba ulishike vizuri, kwa kuwa tutalirudia. Faili kadha wa kadha zilikuwa wazi kwa wakati mmoja: faili ya barua, faili ya programu, faili ya mfumo endeshi iitwayo System, na chini ya zote ilikuwako kumbukumbu ya kudumu, isiyofutika, iliyotiwa katika mashine kiwandani. Msimamizi alipoombwa kifurushi alianza kutafuta katika faili iliyofunguliwa mwisho, kisha iliyotangulia, akashuka hivyo hivyo mpaka System. Alipokipata alisimama. Kwa hiyo mgeni aliyeingia mwisho ndiye aliyesikilizwa kwanza. Programu iliyotaka kishale cha umbo lake yenyewe haikuwa na haja ya kukivunja kile cha mfumo. Ilileta chake chenye namba ile ile, na chake kikatangulia.

Picha za Macintosh zilichorwa na Susan Kare, msanii ambaye kabla ya hapo hakuwa mtu wa kompyuta. Alinunua daftari la karatasi yenye miraba midogo kama lile la hesabu, akatenga miraba 32 kwa 32, akaanza kuipaka mmoja mmoja. Hiyo ni miraba 1,024 kwa kila picha, na kila mraba ni mweusi au mweupe, hakuna cha katikati. Jaribu wewe mwenyewe katika daftari lako kuchora mkono ulioshika kalamu kwa miraba hiyo, nawe utaiona kazi ilivyo. Ni yeye aliyechora kompyuta yenye tabasamu iliyowalaki watu wakati wa kuwasha, na bomu lenye utambi uwakao lililotokea mambo yalipoharibika. Hata alama ya fundo la pembe nne iliyoko bado katika vibonye vya kompyuta za Apple aliiona katika kitabu cha alama. Huko Sweden hutumiwa kuonyesha mahali pa kutazamwa na wageni. Jobs alikuwa amelalamika kwamba picha ya tofaa, nembo ya kampuni, imejaa mno katika orodha za amri. Namna za herufi alizozichora zilipewa majina ya miji mikubwa: Chicago, Geneva, New York, Monaco.

Sasa, picha hizi na herufi hizi zote zilikuwa rasilimali. Zilikuwa vifurushi vyenye namba. Ilikosekana zana ya kuvifungulia, na zana hiyo ndiyo ResEdit, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya mhariri wa rasilimali. Apple iliitoa kwa ajili ya waandishi wa programu. Haikuwa ndani ya sanduku alilopewa mnunuzi wa kawaida, walakini haikufichwa, nayo ikasambaa kwa diski zilizopitishwa mkono kwa mkono katika vyama vya watumiaji wa Macintosh, na vitabu vizima vikaandikwa vya kuwafundisha watu kuitumia. Picha yake yenyewe ilikuwa kikaragosi kirukacho kutoka ndani ya kisanduku kinapofunguliwa. Aliyeichagua picha hiyo bila shaka alikuwa mtu wa mzaha, lakini alisema kweli.

Ulipoifungua faili kwa ResEdit uliona kama rafu ya duka la dawa: visanduku vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na alama yake ya herufi nne. Ukikibonyeza kisanduku cha ICON zilitokea picha zote za programu ile. Ukiibonyeza picha moja ilifunguka ikiwa kubwa, kila nukta yake imekuwa mraba unaoonekana wazi, na kila ulipogusa mraba mweupe ukawa mweusi, na mweusi ukawa mweupe. Ukikifungua kisanduku cha MENU uliona amri zote, ukaweza kuzibadili maneno, au kuipa amri kibonye cha njia ya mkato ambacho mtengenezaji hakuipa. Amri ya kumwaga taka, kwa mfano, haikuwa na kibonye chake, na watu wengi wakaipa wenyewe. Kisha ulihifadhi, ukaifunga ResEdit, ukaiwasha programu ile, na tazama, imebadilika. Hukuandika agizo hata moja la mashine.

Wengi waliutumia uwezo huo kwa mchezo. Walibadili picha ya pipa, walichekesha wenzao kwa sentensi za ajabu, walichora vishale vya kila umbo. Siwalaumu, mchezo ni mlango wa elimu, na watu wengi walioandika programu baadaye walianzia hapo. Lakini nataka kukuonyesha kazi isiyokuwa mchezo.

Kiswahili kina bahati. Kwa kuwa chaandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu yake, mashine yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza yaweza kukiandika bila ya taabu. Ndugu zetu wengine hapa Kenya hawana bahati hiyo. Kikuyu chaandikwa kwa irabu saba, na mbili kati yake ni ĩ na ũ, zenye kiwimbi juu, kadhalika Kikamba. Kuziandika i na u tupu si kosa dogo, kwa maana sauti ni nyingine na neno laweza kuwa jingine. Basi katika seti ya herufi iliyokuwa ndani ya Macintosh ziliwekwa ñ ya Kihispania, na ã na õ za Kireno, lakini ĩ na ũ hazikuwamo. Hawakuwa na nia mbaya waliozisahau. Hawakuwa na mtu wa kuwakumbusha katika chumba kile. Kwa mashine ya aina nyingine mambo yangeishia hapo. Kwa ResEdit mtu mwenye subira aliweza kuifungua rasilimali ya herufi, akachagua alama moja asiyoitumia kamwe, akaifuta nukta kwa nukta, na mahali pake akachora ĩ. Kisha aliifungua rasilimali nyingine, iitwayo KCHR, yenye mpango wa vibonye, akaamua ni kibonye gani kitakachoitoa herufi yake. Kwa kazi ya jioni mbili tatu aliweza kuiandika lugha ya mama yake kama ipasavyo.

Dawa hiyo ilikuwa na kasoro yake. Barua aliyoiandika, ikipelekwa katika mashine ya mtu mwingine isiyo na herufi zile, haikuonyesha ĩ. Ilionyesha ile alama iliyofutwa. Kila mtu alikuwa mfalme katika nyumba yake, na nje ya kizingiti hakujulikana. Ugonjwa huo ulipata tiba pale watu wa makampuni mbalimbali walipokaa pamoja na kutunga Unicode, mpango mmoja wa kuzipa namba herufi za lugha zote za ulimwengu. Toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991, na ĩ na ũ zilikuwamo.

Nilikutana na ResEdit mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi wa ualimu, miaka mingi baada ya zama zake. Katika ghala ya chuo ilikuwako Macintosh Classic, aina iliyotolewa mwaka 1990, ambayo mtu fulani aliitoa sadaka na hakuna aliyeitumia. Chini yake palikuwa na kijaluba cha diski. Nilijifungia humo alasiri za Jumamosi. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kulitafuta neno Trash, nalo nikalikuta ndani ya Finder, programu ionyeshayo faili na folda. Nililifuta, nikaandika Jaa. Nilipoiwasha mashine upya nikaliona neno hilo la bara na pwani, la nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, limekaa katika pembe ya kioo kana kwamba limezaliwa hapo. Sikumbuki kama nimepata kufurahi hivyo kwa neno la herufi tatu.

Furaha ikanitia kiburi. Jumamosi iliyofuata niliifungua faili ya System yenyewe, bila ya kufanya nakala, nikaanza kufuta vifurushi nilivyovidhania havina kazi. Nilipoiwasha tena, kioo kilionyesha picha ya diski yenye alama ya kuuliza, ikiwaka na kuzimika, wala hakikuonyesha kingine. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa hisabati, mzee mpole, nikamweleza. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Nakala iko wapi, mwalimu?" kwa kuwa desturi yake ilikuwa kutuita walimu kabla hatujawa walimu. Sikuwa na jibu. Akaketi mbele ya mashine, akashika vibonye vinne kwa pamoja, Command na Option na X na O, akaiwasha. Nayo ikawaka! Watengenezaji wa Macintosh Classic walikuwa wameuweka mfumo endeshi mzima ndani ya kumbukumbu ya kudumu, ile isiyofutika, na vibonye hivyo vinne ndivyo vilivyouamsha. Kutoka hapo tuliweza kuiondoa System niliyoiharibu na kuirudisha nzima kutoka katika diski zake.

Basi wewe waona kwamba ufunguo ule ulifungua pande zote mbili. Sikuwa mwizi, nilikuwa mjinga, na mashine ilikufa. Wezi nao walikuja. Ukumbuke lile jambo la tatu nililokuomba ulishike, kwamba faili iliyofunguliwa mwisho hutafutwa kwanza. Kila diski ya Macintosh ilikuwa na faili isiyoonekana iliyoitwa Desktop, ambamo mfumo uliweka habari za picha za faili, na diski ilipoingizwa mfumo uliifungua faili hiyo mara moja. Mwishoni mwa mwaka 1989 mtu asiyejulikana alitia katika faili hiyo kifurushi cha aina ya WDEF, aina ya maagizo yanayotumiwa kuchora madirisha. Mfumo ulipotaka kuchora dirisha ukamwomba msimamizi, naye, kwa utiifu wake, akaleta kifurushi cha mwizi kabla ya kile halali. Mtu hakuhitaji kufungua programu yoyote. Kuingiza diski tu kulitosha kuambukizwa. Huko Marekani John Norstad, wa Chuo Kikuu cha Northwestern, alikuwa akiandika programu ya kuvitibu virusi vya Macintosh, iliyoitwa Disinfectant, na aliigawa bure. Mfumo wa System 7, uliotoka mwaka 1991, haukudhurika na WDEF. Lakini somo lilikuwa limekwisha kuandikwa ubaoni: mpango usiouliza mgeni ametoka wapi humtii kila mgeni.

Apple haikuwa peke yake katika mambo haya. Microsoft ilipotoa Windows 95, mnamo Agosti 1995, wafanyakazi wake baadaye waligawa bure zana ndogo ndogo zilizoitwa PowerToys, na mojawapo ikaitwa Tweak UI. Kampuni haikuziahidi msaada wowote. Kwa Tweak UI mtu aliweza kukiondoa kile kishale kilichobandikwa juu ya picha za njia za mkato, au kuiharakisha orodha ya amri iliyozoea kusita kidogo kabla ya kufunguka. Ilipendwa mno. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Tweak UI ilizungusha vifundo vilivyokuwako tayari ndani ya Windows, ila vimefichwa. Neno lisilokuwa na kifundo haikuweza kuligusa. ResEdit haikungoja kifundo.

Mwisho ulikuja polepole. Toleo la mwisho la ResEdit, 2.1.3, ni la mwaka 1994. Tarehe 24 Machi 2001 Apple ilitoa Mac OS X, mfumo mpya kabisa uliojengwa juu ya msingi wa Unix, na mwezi wa Mei mwaka uliofuata Jobs alisimama jukwaani mbele ya waandishi wa programu, penye jeneza, akaufanyia mazishi ya mzaha mfumo wa zamani. Katika mfumo mpya matawi mawili ya faili yaliachwa kidogo kidogo, na rasilimali zikawekwa katika folda za kawaida, sentensi za kila lugha katika faili yake. Programu za zamani ziliendelea kuendeshwa ndani ya mfumo mpya kwa njia ya msaada maalumu, mpaka toleo la mwaka 2007 lilipouondoa msaada huo, na ResEdit ikaondoka nao. Mwaka 2015 Apple iliongeza ulinzi unaowazuia watu wote kuzigusa faili za mfumo, hata mwenye kompyuta akiwa na neno la siri la msimamizi, mpaka kwanza auzime ulinzi wenyewe kwa makusudi.

Nimeufikiri uamuzi huo mara nyingi, na siwezi kuuita mbaya. Kompyuta za 1984 zilisimama peke yake mezani. Za leo zimeunganishwa na ulimwengu mzima, na zimebeba fedha za watu, barua zao na siri zao. Mtu aliyeibiwa mara moja hukaza makomeo. Hata hivyo naona kwamba walipokaza komeo walimfungia nje mwizi na mwenye nyumba pamoja, na mwenye nyumba hakuulizwa.

Fikira ya Horn, ya kuyatenga maneno na maagizo, haikufa. Imekuwa desturi ya kila mwandishi mwema wa programu, na sisi tumekula matunda yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Na mwaka 2005 Microsoft ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP. Kazi hizo mbili ziliwezekana kwa kuwa sentensi zilikwisha kutengwa. Lakini zatofautiana katika jambo moja. OpenOffice ilikuwa wazi, na yeyote aliyeona neno halifai aliweza kulibadili na kuitoa tena. Katika kazi ya Microsoft mtu aliyeona neno halifai ilimbidi azoee.

Nami niliporudi ghalani kwa ile Macintosh Classic, safari hii nikiwa na nakala mbili, nilijaribu kuzifasiri sentensi za Finder. Hapo nilikutana na kikwazo ambacho Horn hakukiwazia. Sentensi nyingi zilikuwa na alama ya ^0, mahali ambapo mashine hujaza jina la kitu kinachotajwa. Kwa Kiingereza alama hiyo haileti taabu, kwa kuwa kitenzi hakijali ni kitu gani kimetajwa. Lakini wewe uliyesumbuliwa na ngeli tangu darasa la chini wajua tabu yetu: barua imefutwa, kitabu kimefutwa, jalada limefutwa, na mashine haijui ngeli. Nilikaa na sentensi moja alasiri nzima. Mwisho niliandika, "Kitu kiitwacho ^0 hakikufutika," nikahifadhi, nikaiwasha mashine, nikajaribu kuifuta faili iliyokuwa ikitumika, ili nione kama itanijibu vizuri.